Sauti ya Uhai, Saa Tano Kamili

Nchi ya Shwarini haipo, na yeyote atakayedai amewahi kuishi huko anajitafutia balaa. Kwenye ramani haimo, kwa sababu ramani mpya inasubiri saini, na ile ya zamani ilipigwa marufuku kwa kosa la kuonyesha mito ambayo Wizara ya Maji haikuwa na habari nayo. Msomaji wetu ni mtu wa heshima zake, hapendi umbeya wa nchi zilizopo. Basi na tumpe ya hii isiyokuwapo, pamoja na yaliyomkuta Bi Mwasiti Kolowa, Afisa Mipango Daraja la Pili katika Wizara ya Ratiba.

Shwarini ilikuwa na wizara tele, lakini Wizara ya Ratiba ndiyo iliyokuwa mama yao. Sheria yake ilikuwa fupi, hata mtoto wa chekechea aliijua kwa moyo: kilichoandikwa kwenye ratiba kimetokea, na kisichoandikwa hakijatokea. Mwaka mmoja ratiba ya sherehe za uhuru ilisema, "Saa tatu: jua." Mvua ikanyesha ile ya kutafuta mtu. Wageni waheshimiwa wakafunga miamvuli yao, wakavaa miwani ya jua, wakakaa saa mbili wakilowa na kulalamikia joto. Waziri mmoja aliyepiga chafya alihamishiwa Idara ya Nyuki na hakusikika tena.

Bi Mwasiti alikuwa ameandika ratiba hizo kwa miaka ishirini na sita. Mwanamke mwembamba, mjane, mwenye mwandiko wa kupendeza na tabia ya kupiga mstari kwa rula hata anapoandika orodha ya sokoni. Aliandika alichoagizwa, hakuongeza neno la kwake, na pale alipoulizwa jambo alijibu ukweli mtupu. Hiyo tabia ya mwisho ndiyo iliyomponza.

*

Mtukufu Baba wa Utulivu, kiongozi wa Shwarini, alirudi kutoka safari ya nje akiwa amechoka. Huko alikopelekwa, wakubwa walilala chali, wakapumua kwa mpangilio, wakafunikwa macho kwa vipande vya tango, na kwa siku saba hakuna aliyewauliza swali lolote. Hilo la mwisho lilimpendeza kuliko yote. Akaagiza Shwarini nayo iandae Kambi ya Siha kwa ajili ya viongozi waliochoka kwa niaba ya wananchi. Wananchi, ambao walidhani kwamba waliochoka ni wao, wakaelimishwa kupitia redio.

Kazi ya kutafuta mahali akapewa Bi Mwasiti, pamoja na fomu. Fomu ilitaka vitanda visivyopungua arobaini, maji ya bomba saa zote, jenereta, mvuke wa moto, chumba cha baridi cha kuhifadhia matango, harufu ya usafi, na watu wanaotembea polepole na kuzungumza kwa sauti ya chini. Bi Mwasiti alikagua nchi nzima kwenye majalada, akajumlisha na kutoa kwa siku mbili, na jibu likawa moja tu. Akaliandika: Hospitali ya Kilimawe. Chini yake akaongeza, "Angalizo: hapa ni hospitali," akapiga mistari miwili kwa rula. Aliamini mistari hiyo itatosha.

Katibu Mkuu wa wizara, Mheshimiwa Ndimbo, alikuwa mtu mnene mwenye kicheko kilichoanzia tumboni na kuishia kwa mkubwa yeyote aliye karibu. Aliisoma fomu akasimama.

"Bi Mwasiti, umetisha! Wote tumezunguka, kumbe jawabu tunalo hapa hapa."

"Mheshimiwa, lile angalizo umeliona?"

"Nimeliona, na ndilo lililonikosha. Siha na hospitali, si mtu na nduguye? Hatubadilishi hata vibao vyote. Andika: tarehe kumi na mbili mpaka kumi na nane."

Bi Mwasiti alishika ukingo wa meza. Tarehe kumi na nne ya mwezi huo huo, binti yake wa pekee, Tunu, alikuwa apasuliwe pale pale Kilimawe.

Tunu alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza uchungu ulimkamata nyumbani, mtoto akakwama, wakampakia kwenye lori la mkaa na kusafiri kwa saa tano. Mtoto alizaliwa njiani. Hakulia. Bi Mwasiti ndiye aliyempokea mikononi, akamtikisa, akampuliza, akangoja kilio ambacho hakikuja, na tangu siku ile hakuweza kukaa chumba chenye kimya bila kuwasha redio. Safari hii daktari alisema waziwazi: hapana kujaribu nyumbani, ni kisu, na ni Kilimawe, kwa kuwa chumba kingine cha upasuaji kiko safari ya siku mbili. Tunu alikuwa akihesabu siku kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Na mama yake mzazi, kwa mwandiko wake mzuri, ndiye aliyekuwa amekitoa kitanda chake.

"Mheshimiwa," alisema, "kuna wanawake watakaojifungua wiki hiyo."

"Hakuna. Waraka Namba Tisa umeshapita kwenye meza yangu asubuhi hii. Uzazi katika wilaya ya Kilimawe umesitishwa kuanzia tarehe kumi na mbili hadi kumi na nane, saa sita mchana. Baada ya hapo ruksa, tena kwa nguvu zote."

"Mimba haisomi waraka, mheshimiwa."

"Basi isomewe," alisema Mheshimiwa Ndimbo, akacheka, akatazama huku na huku kuona kama kuna mkubwa aliyemsikia.

*

Waraka Namba Saba ulitangaza kwamba wagonjwa wote wa Kilimawe wamepona. Walikuwa mia moja na kumi na saba. Walioweza kutembea walipewa pongezi na kuonyeshwa njia. Wasioweza walipewa pongezi na kubebwa hadi ghala la pamba la chama cha ushirika, ng'ambo ya barabara, wakaendelee kupona huko. Redio ya taifa ilisema hakuna nchi nyingine duniani iliyowahi kuponya watu wengi kiasi hicho kabla ya chakula cha mchana.

Wodi ya wanaume ikaitwa Ukumbi wa Pumzi. Wodi ya wazazi ikaitwa Bustani ya Usingizi, na vile vitanda vidogo vya vichanga vikawekwa mlangoni, waheshimiwa watie viatu vyao. Mochwari, kwa kuwa ndiyo yenye baridi ya kuaminika, ilijazwa matango elfu moja na mia mbili. Dripu zilizobaki zilitengwa kwa ajili ya mawaziri, watundikiwe kwa heshima, si kwa ugonjwa. Chumba cha upasuaji, chenye mtambo wa kuchemshia mikasi na visu, kikapigwa kibao kipya: Chumba cha Mvuke.

Nje nako hakukusahaulika. Majogoo mia tatu na kumi na wawili waliokuwa ndani ya maili tano waliandikishwa, wakapewa namba, wakafungwa midomo kwa vitambaa vya rangi za bendera. Adhana na kengele zilibadilishwa kuwa vitambaa vya kupeperusha, na siku isiyo na upepo hakuna aliyejua kama wakati wa kusali umefika. Kwenye lango akawekwa mgambo na daftari. Kila kitu kilichoingia kiliandikwa namba, na hakuna kilichotoka bila fomu. Utaratibu huo wa lango ulibuniwa na Bi Mwasiti mwenyewe miaka ya nyuma, baada ya kongamano moja ambapo waheshimiwa waliondoka na mashuka, mito na mlango mmoja wa choo.

Bi Mwasiti alipofika hospitalini, alimkuta Matroni Pelagia, muuguzi mkuu wa Kilimawe kwa miaka kumi na tisa, akianua taulo nyuma ya jiko. Matroni alikuwa mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona, na sasa alikuwa chini ya amri ya kunong'ona, kwa hiyo alizungumza kama mtu anayezima moto.

"Mtambo wangu, Bi Mwasiti! Mtambo wa kuchemshia mikasi, sasa utachemsha mawaziri!"

"Daktari Lwitiko yuko?"

"Yuko. Wamempa cheo, Mkandaji Mkuu. Tangu jana anafanyishwa mazoezi ya kukanda migongo. Mikono ile ya upasuaji!" Akamtazama vizuri. "Ni habari ya Tunu, eh?"

"Ni Tunu. Na aliyepaandika hapa ni mimi, Matroni. Mkono wangu huu."

Matroni hakumwambia pole. Alikunja taulo mbili kwanza.

"Nisikilize. Mimi naomba vitu vitatu. Saa moja na nusu, mlango uliofungwa, na taa ambayo haitazimika. Jenereta yenyewe imezeeka. Ikibeba ile taa kubwa ya upasuaji haibebi tena zile spika zao za sauti ya maporomoko ya maji. Nipatie hivyo vitatu, mengine yaache kwetu na Mungu."

Bi Mwasiti alirudi ofisini, akafunga mlango, akaiweka karatasi kwenye mashine. Ratiba ya kambi ilikuwa na kurasa arobaini na moja. Katika ukurasa wa thelathini na tatu, baada ya kukosea mara tatu, aliandika jambo ambalo hakuagizwa na mtu, la kwanza katika miaka ishirini na sita:

"Siku ya Tatu. Saa tatu na nusu hadi saa tano: Chumba cha Mvuke kimefungwa kwa maandalizi. Umeme wote uelekezwe humo. Saa tano kamili: Sauti ya Uhai."

*

Mheshimiwa Ndimbo alipekua ratiba kwa kulowesha kidole ulimini. Ukurasa wa kumi, wa ishirini, wa thelathini. Bi Mwasiti alisimama mbele ya meza akihesabu pumzi zake. Kwenye ukurasa wa thelathini na tatu kidole kikasimama.

"Sauti ya Uhai," alisoma. "Hii nini?"

Chumba kilikuwa kimya mno. Bi Mwasiti alitamani redio.

"Mheshimiwa, mimi mtu wa ofisini nitajua wapi? Nilidhani ndiyo mliyoiona kule, ulipofuatana na Mtukufu safarini."

Sasa, Mheshimiwa Ndimbo hakufuatana na Mtukufu. Jina lake lilikatwa uwanjani, akakaa wiki mbili kwa shemeji yake na kurudi akiwa na zawadi za nje zilizonunuliwa sokoni. Wizara nzima ilijua, na hakuna hata mmoja aliyejua rasmi.

"Aaa! Ile!" alisema, akijipiga paji la uso. "Si ile ya… ile ya uhai! Kule walituletea kila siku. Mtukufu aliipenda ajabu. Vizuri umeikumbuka, maana mimi mwenyewe nilikuwa nataka kukuagiza."

Akatia saini. Kesho yake ratiba ikarudi kutoka Ikulu na saini ya wino wa kijani, wino ambao Shwarini nzima aliutumia mtu mmoja. Baada ya wino ule, hata ardhi ikitaka kupasuka ilipaswa kuomba marekebisho.

*

Siku ya kwanza ya kambi Tunu aliingia langoni kwa miguu yake, amevaa joho jeupe la washiriki. Tumbo lake halikumshtua mtu. Miongoni mwa waheshimiwa lilikuwa la nne kwa ukubwa. Mgambo wa zamu, kijana mrefu aliyeitwa Selemba, alimpigia saluti. Matroni akamlaza Bustani ya Usingizi, baina ya Waziri wa Madini na Waziri wa Mifugo, ambao walikoroma siku mbili mfululizo bila kumwona.

Uchungu ulianza alfajiri ya siku ya tatu, saa kadhaa kabla ya kisu kilichopangwa. Tunu aliuma kona ya mto. Kupiga kelele lilikuwa kosa la jinai.

"Mama," alisema, "kama ile ya kwanza. Ninaisikia vile vile."

"Siyo ya kwanza hii. Shika mkono wangu. Hapa kuna daktari, kuna taa, umesikia? Finya, usiogope kuniumiza."

Tunu alifinya. Bi Mwasiti aliogopa, lakini mkono hakuutoa. Saa tatu na nusu juu ya alama, Daktari Lwitiko alinawa mikono kuondoa mafuta ya kukandia, Matroni akafunga mlango wa Chumba cha Mvuke kwa ndani, na huko uani spika za maporomoko ya maji zikakata. Bi Mwasiti akasimama nje ya mlango, ratiba kifuani.

Hazikupita dakika kumi akaona msafara unakuja. Mbele alikuwa Mtukufu Baba wa Utulivu mwenyewe, amevaa taulo, vipande viwili vya tango machoni, akiongozwa kwa mkono na Mheshimiwa Ndimbo. Nyuma yao walifuata viongozi thelathini na wanane, kila mmoja na matango yake, wameshikana mabega.

"Mtukufu anataka mvuke," alisema Mheshimiwa Ndimbo. "Fungua."

"Kimefungwa, mheshimiwa."

"Nimesema fungua, Bi Mwasiti."

"Ratiba inasema kimefungwa."

Mheshimiwa Ndimbo alisogea karibu, akanong'ona kwa meno. "Unajua unazungumza mbele ya nani? Toka mlangoni, mama, kabla sijasahau miaka yako ya utumishi."

Nyuma ya mlango kitu cha chuma kilianguka kwenye sinia. Tunu akaguna, mguno mfupi uliokatwa katikati. Bi Mwasiti, badala ya kutoka, akauegemea mlango kwa mgongo wake wote. Akafungua ukurasa wa thelathini na tatu akauinua juu.

"Mtukufu," alisema, "mimi ni mtumishi mdogo. Wino huu wa kijani siwezi kuupinga. Ukiniamuru niupinge, nitaupinga."

Mtukufu alibandua tango la jicho la kulia. Akasoma. Alisoma muda mrefu, maana hakuwa na mazoea.

"Hii saini ni yangu?"

"Ni yako, Mtukufu."

"Inafanana na yangu." Akamgeukia Katibu Mkuu. "Ndimbo, mtu anaweza kujipinga mwenyewe?"

Jasho lilimtiririka Mheshimiwa Ndimbo. Akisema ndiyo, amesema Mtukufu hupingwa. Akisema hapana, amesema Mtukufu kuna jambo asiloliweza. "Mtukufu," alisema hatimaye, "anaweza, lakini hana sababu."

"Basi tungoje hiyo Sauti. Tandikeni mikeka."

Wakatandika mikeka pale pale mlangoni, viongozi wa nchi nzima wakalala chali mbele ya miguu ya Bi Mwasiti. Maporomoko ya maji yalikuwa yamezimwa, majogoo wamefungwa midomo, kengele hakuna. Kimya kilichokuwapo hakijawahi kupatikana Shwarini kabla ya hapo. Kila mkasi uliowekwa ndani ulisikika nje, na kila mara Bi Mwasiti alikohoa ili kuufunika. Kufikia saa nne na nusu koo lilikuwa limemchubuka. Kufikia saa tano kasorobo hapakuwa tena na cha kufunika: ndani hakukusikika chochote.

Saa kubwa ya ukutani ikagonga saa tano.

Viongozi wote arobaini walizuia pumzi. Sauti haikutoka.

Mheshimiwa Ndimbo alijiinua kwa kiwiko. "Iko wapi?" alinong'ona. Kwa Mheshimiwa Ndimbo ratiba ilikuwa inaelekea kusema uongo, jambo ambalo lingemfikisha Idara ya Nyuki. Kwa Bi Mwasiti kilikuwa kimya kile kile cha kwenye lori la mkaa, kimemfuata miaka mitatu na sasa kimemfikia.

"Mshika saa!" alinong'ona Katibu Mkuu. "Saa tano haipiti mpaka sauti itoke. Izuie!"

Mshika Saa wa Taifa akaleta ngazi, akapanda, akaubana mshale wa dakika kwa kidole. Mshale ukatetemeka. Mtu wa pili akapita kwenye mikeka akikusanya saa za mikononi na kuzisimamisha. Ikawa saa tano kamili kwa dakika moja, kwa dakika nne, kwa dakika saba. Ndani, Matroni Pelagia alisikika akisema neno moja, bila kunong'ona hata kidogo: "Tena!" Kisha kofi dogo, la pili, la tatu.

Bi Mwasiti alifumba macho. Ee Mungu, alisema moyoni, niandike mimi kwenye orodha yako, umfute huyu.

Na mtoto akalia.

Alilia kwa hasira, kwa mapafu mazima, kilio kilichopanda, kikakatika, kikapanda tena juu zaidi. Mshika Saa akashtuka akauachia mshale. Ng'ambo ya barabara, kwenye ghala la pamba, waliopona kwa waraka wakainua vichwa. Bi Mwasiti aliteleza taratibu na mlango mpaka akakaa chini, ratiba mapajani, akalia naye, na hakuna aliyemkamata kwa sababu Mtukufu pia alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanampitia chini ya tango.

"Hii," alisema Mtukufu, "inafika mpaka kwenye ini. Nani ameipanga?"

"Mimi, Mtukufu," alisema Mheshimiwa Ndimbo, "nikisaidiwa kidogo na ofisi."

"Irudiwe kesho. Kila siku saa tano. Na kambi zote zijazo. Kifaa kitunzwe vizuri."

"Kimeshaingizwa daftarini, Mtukufu," alisema Mheshimiwa Ndimbo, akikimbia kwenda kukiingiza.

*

Alikuwa mtoto wa kike. Kwa siku nne zilizofuata aliwekewa afisa wa kumsimamia, mwenye saa mbili mkononi, ambaye kuanzia saa nne alikataza asinyonyeshwe ili saa tano alie. Tunu, mshono bado mbichi, alimwambia maneno ambayo hayawezi kuchapwa hata katika nchi isiyokuwapo. Lakini mtoto mwenyewe alikuwa na ratiba yake. Saa tano kamili, mbele ya viongozi waliotega masikio, alilala fofofo na kidole mdomoni. Akaamka saa tisa, Mheshimiwa Ndimbo akiwa katikati ya hotuba iitwayo "Kimya Kama Rasilimali," akaililia hotuba hiyo kuanzia sentensi ya pili hadi shukrani. Saa kumi akanyamaza. Mheshimiwa Ndimbo alipoanza kurudia hotuba, akaanza naye.

Tarehe kumi na nane, saa sita mchana, kambi ikafungwa. Waheshimiwa wakaondoka wakiwa na afya tele na mito michache. Bi Mwasiti, Tunu na mtoto aliyefungwa kanga wakafika langoni.

Mgambo Selemba alitazama daftari, akamtazama mtoto, akatazama daftari tena. Hakupenda alichokisoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, wewe ni mtumishi, pita. Dada naye aliingia kama mshiriki, washiriki ruksa." Akaweka kidole kwenye mstari. "Huyu mdogo ndiye hapiti. Namba mia mbili na kumi na tatu. Sauti ya Uhai, moja. Hali: nzima. Kifaa kibaki stoo mpaka kambi ijayo."

Tunu alimkumbatia mtoto kwa mikono miwili. "Stoo? Mama, anasema stoo?"

"Dada, siyo mimi. Ni utaratibu. Bila fomu hakitoki kitu."

Bi Mwasiti aliijua fomu hiyo. Ilikuwa kazi ya mikono yake: safu ya namba, safu ya jina, safu ya hali, mistari yote kwa rula. Aliiona imelala pale mezani, imeshanakiliwa ule mstari wa daftari, na kwa mara ya kwanza akaichukia. Ungeweza kuomba, kulia, kumtaja Mungu. Fomu haikuwa na safu ya hayo. Alisimama akiitazama tangu juu hadi chini, safu baada ya safu, mpaka macho yakafika mahali pa chini kabisa alipopaandika mwenyewe miaka kumi iliyopita, kwa ajili ya viti vilivyovunjika miguu: "Vifaa vibovu: vitolewe mara moja, visirudishwe."

"Nipe kalamu, baba," alisema.

Akakata neno "nzima". Akaandika pale juu, kwa mwandiko wake wa kupendeza: "Kibovu. Hakifuati saa. Kinalia kisipoagizwa, na kikiagizwa hakilii. Hakina mahali pa kuzimia. Kimejaribiwa siku nne mbele ya mashahidi." Akausoma tena, hakuona hata neno moja la uongo.

Tunu alichungulia. "Mama! Umemwandika mwanangu mbovu?"

"Nimemwandika, mwanangu. Wazima wote wanabaki humu. Piga hatua."

Selemba alisoma polepole, midomo ikicheza. Mtoto, kana kwamba ameitwa kutoa ushahidi, akafumbua mdomo akapiga kelele iliyofika mpaka Ukumbi wa Pumzi. Selemba alichukua mhuri wa TUPA, akaupulizia, akaugonga kwenye fomu mara mbili, akainua kizuizi cha lango.

Tunu akapita na mtoto wake. Bi Mwasiti akawa anapita pia, ndipo aliposikia anaitwa kwa sauti ndogo.

"Mama. Samahani, mama."

Selemba alikuwa ametazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akafungua droo, akatoa fomu nyingine tupu, akaisukuma juu ya meza taratibu.

"Hebu niandikie na mimi."

"Wewe? Kijana mzima wewe, una ubovu gani?"

Selemba akainama mpaka kofia ikamgusa karatasi.

"Juzi, Mheshimiwa Katibu alipohutubia," alisema, "nilicheka."

Bi Mwasiti akaivuta fomu, akaomba rula.